Maua ya shaba na kikanda ya mama: yale niliyosema pale Katuba

Watu wengi waliniomba niandike maneno niliyosema Jumamosi mbele ya wazazi na vijana wa mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi. Haya basi, nimeyaandika karibu vile yalivyotoka mdomoni, na swali la yule mama wa mwisho nimeliweka pia.

Jambo yenu wote. Wamama, wababa, yaya zangu, na ninyi vijana mmesimama kule mlangoni, sogeeni, viti bado viko.

Nimewauliza sasa hivi mnitajie nyama zinazokaribia kuisha katika Congo yetu na mmejibu haraka sana, gorila wa Kivu, okapi wa Ituri, tembo, na kijana mmoja akasema kasuku. Mko sawa kabisa. Gorila wa Kahuzi-Biega tangu 2016 wamewekwa kwenye daraja la mwisho kabla ya kuisha porini, na kasuku wa kijivu, mwaka huo huo 2016 nchi zilikubaliana kufunga biashara yake ya kimataifa, juu ya watu walikuwa wanawakamata kwa mamia. Lakini mmesikia wenyewe? Hakuna hata mmoja aliyetaja kitu cha hapa kwetu Katanga. Ni kama sisi hatuna kitu cha kupoteza, tuna mawe tu.

Mimi nafundisha biolojia, na hii kitu ilianza kuniuma nikiwa bado mwanafunzi. Siku moja mwalimu wetu alitupandisha kwenye lori, tukatoka mjini njia ya Likasi. Mnajua ile barabara, ni miombo pande zote, miti na miti, halafu ghafla mnaona kilima kina upara, nyasi na maua tu, hakuna mti. Tukafikiri watu wa makala, yaani mkaa, walipita. Mwalimu akasema hapana, hapa mti haujawahi kusimama. Akatuambia tupige magoti. Tulikuwa vijana, tuliona haya kupiga magoti mbele ya majani, lakini tulipiga, na hapo chini, katikati ya vijiwe vya kijani kama chupa iliyovunjika, kulikuwa na kamea kadogo, hakafiki magotini, kana maua madogo ya zambarau yamejikusanya kama kichwa cha msumari. Nilikagusa. Kalikuwa kakavu kidogo, kagumu, na jua lilikuwa kali mpaka mawe yalichoma magoti, lakini kenyewe kalikuwa kametulia tu pale kama kako nyumbani. Na kweli kalikuwa nyumbani.

Niwaeleze kidogo. Ukichukua tani moja ya udongo wa kawaida, wa shamba lako la mahindi, ndani yake utapata makumi ya gramu za shaba, si zaidi. Kwenye vile vilima shaba inaweza kufika kilo 10 katika tani moja ya udongo, na pengine inapita hapo. Mmea wa mahindi ukipandwa pale unakuwa njano na kufa, mizizi haiwezi. Mti wa miombo hauwezi. Lakini kuna mimea ambayo imekaa na hiyo sumu kwa muda mrefu sana mpaka imeizoea, kila mmoja kwa namna yake, mwingine unazuia shaba isipande juu, mwingine unaifunga ndani. Wataalamu wamehesabu karibu aina 600 za mimea inayovumilia udongo huu wa shaba na kobalti, na zaidi ya 30 kati yake haimei mahali pengine popote duniani. Si Zambia, si Kasai, si Ulaya. Ni hapa tu, kuanzia Lubumbashi, Likasi, Fungurume, mpaka Kolwezi.

Kale kamea nilikopigia magoti wanasayansi wanakaita Haumaniastrum katangense, ni wa ukoo mmoja na rehani na lumba-lumba, na Wazungu walikaita ua la shaba. Lakini bankambo zetu, yaani mababu, walijua kusoma kilima kabla ya mzungu kufika, kipara katikati ya msitu na mawe ya kijani viliwaambia hapa chimba. Waliyeyusha shaba, wakaimimina kuwa misalaba, ile ile misalaba mitatu iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga 1960. Na mpaka leo ukiona ua hili limemea peke yake mahali hapana kilima, mara nyingi chini yake kuna mabaki ya tanuru za zamani. Watu wa akiolojia wamelifuata hili ua wakapata kazi ya mikono ya mababu zetu. Fikiria, ua linaweka kumbukumbu yetu kuliko sisi wenyewe.

Sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba ua na mgodi vinapenda kilima kimoja. Hakuna njia ya kuzunguka hapo. Ukipata shaba umepata maua, na ukitoa shaba umetoa maua. Pale Étoile, ambayo wazee wanaita Kalukuluku, ni kati ya migodi ya kwanza kabisa ya Wabelgiji hapa, mji wenyewe ulizaliwa 1910 na kinu cha kuyeyushia kikamimina shaba ya kwanza 1911. Kuna mmea mdogo unaitwa Crepidorhopalon perennis ambao unajulikana kutoka pale tu. Mahali pamoja. Duniani kote. Sisi tunapita na taksi kwenda Ruashi, tunaangalia simu, na upande ule kuna kitu ambacho kikifa hapa kimekufa kwa watu wote, hata kwa yule mtoto wa Japani ambaye hatawahi kujua kwamba kilikuwepo. Gorila wakiisha Kahuzi dunia nzima italia, na ni haki. Huu mmea nani ataulilia?

Zamani walichimba kwa nguvu ya mtu na mashine ndogo, kilima kilichukua miaka kuisha. Sasa dunia inataka kobalti kwa betri za simu na za magari ya umeme, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka nchi yetu, karibu yote huku kwetu Lualaba na Haut-Katanga. Kilima kinakuwa shimo haraka sana. Na si makampuni makubwa tu, wachimbaji wa mikono nao wanageuza udongo wa juu, ule wenye mbegu, wanautupa chini ya udongo mwingine na hapo mbegu imezikwa. Siwalaumu wale vijana, wengine ni wanafunzi wangu wa jana. Mtu anatafuta bukari ya leo.

Lakini msiniambie hakuna la kufanya, hiyo sikubali. Pale Fungurume wamejaribu kutoa udongo wa juu pamoja na mizizi yake, wakauhamishia mahali pengine kabla mashine haijapita, na mbegu nyingine wakaziweka kwenye hifadhi, mpaka kwenye bustani ya mimea ya Meise kule Ubelgiji. Haileti kilima chote, lakini aina kadhaa zimebaki hai. Na hapa hapa mjini, kule Penga-Penga, ambako moshi wa kinu ulichoma udongo miaka mingi mpaka ardhi ikabaki wazi kama kiwanja cha mpira, watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kupanda nyasi inaitwa Microchloa kunthii, wakaongeza chokaa na mboji, na ikashika. Nyasi fupi tu, lakini vumbi lile la sumu inalishika lisiingie vifuani mwa watoto. Ile nyasi inavumilia shaba, waliitoa kwenye mimea hii hii tunayoidharau. Mimea hii ikiisha, tutafunika mashimo yetu na nini, wakati makampuni yameondoka?

Na kuna kitu cha sheria wengi hamkijui. Tangu Sheria ya Migodi, ile Code minier, ilipogeuzwa 2018, kampuni inapaswa kuandikiana na wakaaji wa pale cahier des charges, yaani orodha ya yale itakayofanyia jamii, na kuweka asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya hao wakaaji. Mnaitwa kwenye mikutano. Mnaomba shule, mnaomba visima, mnaomba barabara, na ni vizuri, ombeni. Mimi ninachoomba, wababa mnaokaa kwenye hiyo mikutano, ongezeni mstari mmoja: udongo wa juu utolewe kwanza na kuwekwa kando, na kipande cha kilima kibaki bila kuguswa. Mstari mmoja tu. Haupunguzi kisima.

Nitoke kwenye mawe niingie kwenye sahani, juu ya wamama wameanza kuchoka naona.

Mama yangu aliuza kikanda pa soko la Kenya, ile komine ya hapa Lubumbashi, si nchi. Nimekua na ile harufu. Niseme vile alikuwa anaifanya, kwa wale wa mbali watakaosoma. Unapata vile viazi vidogo, vimekaushwa, unavitwanga kwenye kinu mpaka unga, unatwanga karanga kando, unachemsha karanga na chumvi na pilipili, kisha unamwaga ule unga wa kikanda polepole huku unakoroga, unatia soda, zamani walitia maji ya majivu, na hapo inaanza kushikana, inavuta, inakuwa nzito mpaka mkono unauma. Mama alifunika sufuria na bati, akaweka makala ya moto juu ya bati na mengine chini kwenye mbabula, ili ive pande zote. Ikipoa unaikata vipande, rangi ya kahawia nyekundu, ukila unadhani ni soseji. Hakuna harusi wala msiba bila kikanda, mnajua wenyewe.

Lakini wangapi kati yetu wanajua kile kiazi ni cha nini? Ni okidi. Ndiyo, yale maua ambayo Ulaya mtu ananunua moja kwa bei ya gunia letu la unga na kuliweka mezani kama malkia. Zetu zinamea kwenye dembo, zile nyasi zenye maji, na kwenye nyanda za juu kama Kundelungu, ni za jamii za Disa, Satyrium, Habenaria. Kila mmea una viazi viwili, kimoja cha mwaka jana, kimelegea, na kimoja kipya kigumu ambacho ndani yake kuna mmea wa mwaka unaokuja. Mama alikuwa anavibonyeza kwa vidole, kilicholegea anatupa, kigumu anaweka kikapuni. Sasa elewa maana yake: kile tunachokula ni mwaka unaokuja. Ukichimba, mmea umekwisha, haurudi kama muhogo.

Mtu atasema, si tupande? Si rahisi namna hiyo. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina chakula ndani, haiwezi kuota mpaka ikutane na kuvu fulani udongoni ambao unailisha. Huwezi kumwaga mbegu kwenye bustani kama lengalenga na kungoja. Inachukua miaka kuwa na kiazi cha kufaa, na mtu anayechimba kabla mbegu hazijaanguka anachukua mama na watoto kwa mara moja.

Jirani zetu wa Zambia wanakula hii kitu kuliko sisi, wao wanasema chikanda, na dembo zao nyingi zimekwisha. Wakafanya nini? Wakaenda kutafuta kwingine, kwetu, Angola, Malawi, mpaka Tanzania, nyanda za juu kusini, ambako viazi vilitoka kwa mamilioni kila mwaka. Watanzania walishtuka, na ile nyanda ya Kitulo, ambayo wenyewe wanaiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake, wakaifanya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Okidi zote ziko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, biashara yake ya kuvuka mpaka inataka kibali, lakini niambieni nani amewahi kuona mama pa mpaka wa Kasumbalesa anaulizwa kibali cha kikanda. Vinapita kwenye mifuko, kama karanga.

Mwaka uliopita nilienda sokoni kununua, nikavishika vile viazi mkononi. Vilikuwa vidogo kama maharage. Vya mama yangu vilikuwa kama kidole gumba cha mtu mzima. Nilisimama pale na ile kopo mkononi muda mrefu mpaka muuzaji akaniuliza kama nina tatizo.

Makala nitapita haraka kidogo, si kwa sababu ni ndogo, ila kila mtu hapa anaijua, umeme unakatika, chakula lazima kiive, na kila asubuhi tunaona wale vijana wanasukuma kinga, yaani baiskeli, imebeba magunia mpaka humuoni mtu. Msitu umekimbia mji, wazee wanakumbuka kuni zilikuwa pale pale nyuma ya nyumba. Nataka tu niwaonyeshe kamba inayounganisha. Bowa, huu uyoga tunaonunua kando ya barabara mvua zikianza, mwingi unaishi umeshikana na mizizi ya miti ya miombo, ukikata mti na kung'oa kisiki bowa hakuna. Finkubala, wale wadudu wetu watamu, wanakula majani ya hiyo hiyo miti, hawali mikaratusi. Kwa hiyo mtu akiuza gunia moja la makala ameuza na bowa na finkubala ndani yake, kwa bei ya gunia tu. Na miombo ina huruma, ukikata ukaacha kisiki kinachipua tena, kinachokiua ni kulima juu yake na moto wa mwisho wa kiangazi, wa Septemba na Oktoba, wakati kila kitu kimekauka na machipukizi ndiyo yanaanza. Wenye mashamba, kama lazima mchome, chomeni mapema, Mei au Juni, moto uwe baridi.

Mukula nao mliuona. Ule mti ukiukata unatoa utomvu mwekundu, kama damu kabisa, na bankambo waliutumia kwa rangi na kwa dawa. Ghafla kama 2016 hivi malori yakaanza kupanga mstari kutoka njia ya Kasenga, magogo mekundu, yanaelekea mpaka wa Zambia na kutoka hapo China kwa ajili ya meza na viti vya matajiri. Mti unaochukua miongo mingi kukua, ulikwisha kwenye vijiji vingine kwa misimu miwili mitatu. Mwaka 2019 nchi za CITES zikauweka kwenye orodha yao. Ni vizuri, lakini malori yalikuwa yameshapita. Kijijini alikolipwa mtu kidogo sana kwa gogo, leo hana gogo wala zile pesa.

Na Upemba? Hifadhi ya 1939, ya zamani kuliko wengi wa wababa hapa. Punda milia wa mwisho wa Congo nzima wako pale. Kuna swala wa majimaji wa pale Upemba ambaye wanasayansi walimpa jina 2005 tu, na tayari yuko karibu kuisha kabisa, sababu ya uwindaji. Walinzi wameuawa wakiwalinda. Watoto wetu wanajua simba wa filamu lakini hawajui kwamba huku huku kwetu Katanga kuna punda milia. Walimu wenzangu, hilo ni letu sisi, si la serikali.

Nilimalizia hapo, lakini mama mmoja alisimama. Aliongea polepole. Akasema, "Mwalimu, mimi kikanda ndiyo imesomesha watoto wangu watatu. Sasa unataka niache?"

Nikamwambia hapana, mama. Mimi mwenyewe kikanda ndiyo imenisomesha, ningekuwa na uso gani wa kukwambia uache. Ninachokuomba ni vitu viwili. Wale wanaokuletea, waulize wanatoa wapi, na waambie wangoje maua yakauke na mbegu zianguke ndipo wachimbe, na sehemu ya dembo waiache ipumzike mwaka mzima, wazungushe kama shamba. Wewe ndiye mnunuzi, wakisikia kwako watasikia kuliko kwangu. Na cha pili, vile vidogo kama maharage, kataa. Ukivikataa wewe na wenzako wa soko, hakuna atakayevichimba.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema alipokuwa msichana walichimba kwenye dembo nyuma ya nyumba yao, leo pale ni nyumba tu, na vyake vya sasa vinatoka mbali, analipa mpaka usafiri wa lori. Akafungua kitambaa chake, akatoa kiazi kimoja kibichi, kigumu, bado kina udongo mweusi, akampa jirani yake, kikapita mkono kwa mkono mpaka mbele. Vijana wa mlangoni wakaingia ndani kukiangalia. Wengi walikuwa wamekula kikanda maisha yao yote, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza wanakiona kikiwa kizima.

Nilikiomba, akanipa. Nimekizika kwenye ndoo pa nyumba, na udongo nilioutoa dembo, si wa bustani, ule kuvu wake uwe ndani. Bado hakijatoa kitu. Mvua zikifika Novemba nitawaambia.